Maswali na majibu: Kulala usiku juu ya mlima wa mawe

Mvua zikishakatika, maswali ya kulala mlimani huja kwa wingi, hasa kutoka Masasi na Nachingwea, ambako milima ya mawe imesimama pembeni mwa makazi na kila mtu ana hamu ya kuona jua likichomoza akiwa juu. Tumejibu machache.

Tuko vijana sita hapa Masasi. Hema letu ni la kuchomeka vigingi na juu ni mwamba mtupu. Tunalisimamishaje? (Msomaji, Masasi)

Vigingi viacheni nyumbani, vitawaongezea mzigo tu. Chukueni kamba ya manila ya mita 20, ikatwe vipande vya mita mbili mbili. Funga ncha moja kwenye kona ya hema, ncha nyingine kwenye kijiti kinene au jiwe la ukubwa wa ngumi. Kijiti hicho kilaze chini, kisha weka jiwe kubwa la kilo kumi na zaidi juu ya kamba, kati ya kijiti na hema. Upepo ukivuta, kijiti kinajibana nyuma ya jiwe na kamba haichomoki. Wengi huizungushia kamba jiwe kubwa lenyewe. Usiku kucha inasuguliwa kwenye ncha kali, na alfajiri hema liko usoni mwao.

Mawe ya kufungia yaokoteni pale pale kwenye tambarare. Jiwe mtakalong'oa ukingoni linaweza kuporomoka, na njia ya kupandia mara nyingi iko chini yake.

Halafu hapo kileleni kabisa msilale. Pana mandhari, lakini pana upepo. Kiangazi upepo wa huku hutoka kusini mashariki, kwa hiyo shukeni hatua 20 au 30 upande wa kaskazini magharibi, mtafute sehemu tambarare iliyokingwa na jiwe, angalau mita kumi kutoka kwenye ukingo. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo. Fikeni saa kumi jioni, maana jua likishazama baada ya saa kumi na mbili, giza linaingia ndani ya nusu saa. Kabla halijaingia, kila mmoja aitembee njia ya kwenda kujisaidia na kurudi. Ajali nyingi za usiku ni za mtu aliyetoka hemani na usingizi machoni, bila viatu, tochi ya simu mkononi. Tochi ya kichwani inaacha mikono yote miwili huru.

Maji kiasi gani? Tumeambiwa juu kuna vidimbwi. (Msomaji, Ruangwa)

Lita tano kwa mtu kwa jioni, usiku na asubuhi, pamoja na ya kupikia. Vidimbwi vya juu ya mwamba ni maji ya mvua. Kufika Julai vingi vimekauka, na vilivyobaki nyani na pimbi wameshavikojolea. Dumu la lita 20 msilibebe: maji yanachezacheza ndani na kumyumbisha mtu penye mteremko. Gaweni kwenye chupa za lita moja na nusu, zikae mgongoni, zikibana mwili.

Chakula kipikwe nyumbani. Mihogo au ming'oko ya kuchemsha inatosha kwa jioni, na korosho za kukaanga ziwe za usiku, kwa kuwa gramu 100 zina zaidi ya kalori 500 na hazihitaji moto.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu, nataka kupeleka wanafunzi 30 walale juu. Nianzie wapi? (Mama mwalimu, Nachingwea)

Marahaba, mama. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wenye mlima huo. Ikiwa mlima uko ndani ya hifadhi ya msitu, kibali kinatoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na usiende kwa ahadi ya mdomo. Baadhi ya vilele vina mnara wa simu. Ukiona uzio, ujue hapo hapalaliwi.

Ila 30 ni wengi mno kwa usiku mmoja. Tunashauri kumi, pamoja na watu wazima watatu: mmoja anayeongoza, mmoja katikati, mmoja anayefunga msafara. Zamu zibadilike hadi wote waende.

Kinachosumbua ni choo, na wapangaji hukikumbuka wakiwa wameshafika. Juu ya mwamba hakuna udongo wa kufukia, na mvua ya kwanza itaosha kila kitu kuelekea kwenye visima vya walio chini. Tafuteni mahali penye udongo, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, kila mtu afukie chake. Pasipo udongo, ni mfuko wa plastiki mgumu wenye majivu kidogo, ufungwe mara mbili, ushuke na ninyi. Watoto watacheka siku ya kwanza. Taulo za kike na karatasi nazo zishuke.

Sisi wa Mtwara mjini hatujazoea baridi. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa hemani? (Msomaji, Mtwara)

Hapana, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala moshi. Mtu huumwa kichwa, analegea, analala, haamki. Jiko lililobaki majivu mekundu ni hatari zaidi kwa sababu linaonekana limekufa.

Hewa ya juu haina tofauti kubwa na ya chini: kila mita 100 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo mlima wa mita 300 unapunguza nyuzi mbili hivi. Kinachowatetemesha watu ni upepo na mwamba. Jioni mwamba bado una joto la mchana na mtu anajidanganya kwa shuka moja. Ikifika saa tisa usiku mwamba umeshapoa na unamnyonya joto mgongoni. Basi tandika zaidi chini yako kuliko unavyojifunika: katoni za maboksi zilizokunjuliwa tabaka mbili, juu yake mkeka, juu yake godoro la sponji la inchi mbili. Hapo blanketi moja na sweta vinatosha. Fulana uliyopandia ikiwa na jasho, ivue kabla jua halijazama.

Nyuki je? (Msomaji, Newala)

Hukaa kwenye nyufa za miamba. Ukisikia mvumo au ukiona wanaingia na kutoka sehemu moja, hama mbali, na usiwashe moto chini yake, moshi utawachokoza. Wakichokozwa usiku huifuata taa, hivyo zima tochi. Mchana funika uso na uondoke kwa njia uliyopandia. Penye mteremko mkali usitimue mbio, maana kuanguka kutakuumiza kuliko nyuki. Namba za dharura ni 112, na 114 kwa zimamoto na uokoaji.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji, Lindi)

Juni hadi katikati ya Agosti. Baadaye watu wanachoma mashamba, nyasi ni kavu, na moto hupanda mteremko haraka kuliko mtu. Kuanzia Novemba mwishoni hadi Aprili ni radi, na mwamba uliolowa unateleza kama sabuni. Hata Juni umande huwepo: msishuke kabla ya saa mbili asubuhi.

Mwakani tunakwenda Kilimanjaro. Inawezekana kulala kileleni? (Msomaji, Mtwara)

Uhuru penyewe, mita 5,895, hapana kambi. Kwa kawaida watu hulala kwenye kambi ya Barafu au ya Kibo, karibu mita 4,700, huondoka usiku wa manane, hufika alfajiri na kushuka. Ipo kambi ndani ya kreta, yaani shimo la volkano huko juu, kama mita 5,700, na wachache huitumia kwa mpango maalumu na kampuni yenye leseni.

Hatuwashauri. Ukipita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja kwenye mahali pa kulala. Kutoka Barafu hadi kreta ni 1,000 kwa mkupuo, na ninyi mnatoka usawa wa bahari. Mtu akiugua kwa hewa nyepesi ya juu, akaanza kuyumba kama mlevi au kukohoa povu, dawa yake ni kushushwa mara moja. Kutoka kwenye kreta hilo ni gumu: mgonjwa lazima kwanza apandishwe hadi ukingoni, kama pale Stella, mita 5,756, ndipo ateremshwe. Kama mmeshaamua, kabla ya kulipa iulizeni kampuni inabeba mitungi mingapi ya oksijeni na ni nani atakayembeba mgonjwa saa nane za usiku.