Rekodi ya uwaziri kiongozi India si ya Jyoti Basu tena

Kuna wanaosema Jyoti Basu ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi kama waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, nchini India. Hapana mkuu, rekodi hiyo ilishavunjwa. Waziri kiongozi aliyekaa muda mrefu kuliko wote India ni Pawan Kumar Chamling wa Sikkim, jimbo dogo la milimani lenye viti 32 tu vya bunge. Aliapishwa Desemba 1994 na kung'oka Mei 2019, miaka 24 na miezi mitano bila kukatika. Basu aliongoza West Bengal 1977 hadi 2000, miaka 23 na kitu, na Chamling alimpita Aprili 2018.

Anayechanganya watu ni Naveen Patnaik wa Odisha. Huyo naye alimpita Basu, 2023, ila aliangushwa kwenye uchaguzi wa 2024 akiwa amebakiza kama miezi miwili tu kumfikia Chamling.

Na usidhani Chamling alistaafu kwa heshima zake. Chama chake, Sikkim Democratic Front, alichokianzisha mwenyewe 1993, kiliwahi kuzoa viti vyote 32 mwaka 2009. Mwaka 2019 kikapata 15 dhidi ya 17 vya wapinzani, yaani kilikosa padogo sana. Miezi michache baadaye wabunge wake 10 wakahamia BJP, chama kinachoongoza serikali ya taifa, kwa mpigo, wengine wakaenda chama tawala cha jimbo, mzee akabaki peke yake bungeni. 2024 akagombea majimbo mawili ya uchaguzi, akapigwa kote kuwili.