Isle Maree si kisiwa cha Bikira Maria

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Inverness. Majuzi tulivuka kwenda Isle Maree, kisiwa kidogo ndani ya ziwa la Loch Maree, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Tuliona mabaki ya kanisa la kale, makaburi, na mti mkavu uliogongomelewa sarafu. Mwenye mashua alituambia Maree ni "Maria" kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huku, hivyo kanisa lilikuwa la Bikira Maria. Somo wa parokia yetu nyumbani ni Mama Maria, nami nimeombwa makala ya jarida. Niandike hivyo?

JIBU: Marahaba. Usiandike. Swali hili hunijia kila kiangazi, na kila mara nyuma yake yupo mtu wa mashua.

Mwenye kisiwa ni Maol Ruibhe, mtawa wa kiume kutoka monasteri ya Bangor, Ireland. Alianzisha monasteri yake Applecross, pwani ya magharibi ya Uskoti, mwaka 673, akafariki 722. Wagaeli walizoea kumtaja mtakatifu kwa mapenzi, wakitanguliza "mo" au "ma", yaani "wangu". Ndiyo maana akawa Ma Ruibhe. Ile "bh" ya katikati ikamezwa mdomoni, na walioandika kwa tahajia ya Kiingereza wakatuachia Maree.

Huniamini? Msikilize mwenyeji akilitamka. Mkazo uko mwishoni: ma-RII. Jina Màiri, ambalo ndilo Maria wa kawaida, mkazo wake uko mwanzoni. Hapa "ma" ni kitangulizi tu, haibebi mkazo. Na kuna jambo ambalo mwenye mashua wako hakulijua: kwa Kigaeli, Mama wa Yesu haitwi Màiri. Màiri ni binti yeyote wa jirani. Yeye ana jina lake peke yake, Moire. Kanisa lake huitwa Cill Mhoire, na kwenye ramani ya kisiwa cha Skye utalikuta limeandikwa Kilmuir. Yaani Maria wa kweli kajificha kwenye jina ambalo sikio lako lingelipita bila kugeuka.

Kumbukumbu nazo zipo. Mwaka 1656 baraza la kanisa la Kipresbiteri la Dingwall liliwakemea watu wa eneo hilo kwa kuchinja mafahali tarehe 25 Agosti kwa heshima ya "Mourie". Ingekuwa ni Maria, ungetarajia tarehe 15, Kupalizwa Mbinguni. Mwaka 1678 watu wa ukoo wa Mackenzie waliitwa kujieleza kwa kumchinja fahali kisiwani ili mwanamke mgonjwa apone. (Hiyo ndiyo habari ningeiweka kwenye jarida, paroko akiruhusu.) Hata ziwa limeazima jina kwa kisiwa. Zamani lilikuwa Loch Ewe, na ndiyo sababu kijiji kilicho kwenye kichwa chake mpaka leo ni Kinlochewe, "kichwa cha Loch Ewe", ilhali Loch Ewe ya leo ni ghuba ya bahari upande wa pili kabisa.

Kinachonichosha ni hawa wanaofungua ramani ya simu na kamusi ya intaneti, wakamaliza kazi kabla chai haijapoa. Jina la ramani ni matokeo, si chanzo. Chukua hiyo "Kil-" wanayoikimbilia. Mara ni cill, kanisa au makaburi yake. Mara ni coille, msitu, kama ilivyo Killiecrankie. Ukiangalia tahajia ya leo peke yake ni sawa na kuona "kaa" limeandikwa ukutani: hujui ni la moto au wa pwani. Kwanza tafuta tahajia za kale, katika hati za ardhi, orodha za kodi na kumbukumbu za kanisa, uzipange kwa miaka. Kisha mtafute mzee anayekitamka Kigaeli cha hapohapo. Hakuna njia ya mkato, na anayekuuzia njia hiyo hajawahi kusoma hati hata moja.

Wengine wakishampata mtakatifu wanamchorea safari: kila palipo na jina lake, eti alipita. Mtakatifu Donnán aliuawa kisiwani Eigg mwaka 617, na Kildonan, yaani kanisa la Donnán, ipo hapo. Ipo pia Arran, ipo South Uist, ipo Sutherland. Watu wanabeba heshima ya mtakatifu wao wanapohama, na kanisa linaweza kupewa jina miaka mia kadhaa baada ya mwenyewe kuzikwa. Somo wa parokia yako mwenyewe hakufika kwenu kwa miguu.

Halafu kuna St Kilda, visiwa vya mbali baharini magharibi mwa Uskoti. Kwenye kisiwa chake kikubwa, Hirta, palikuwa na makanisa matatu madogo: la Kristo, la Brendan na la Columba. La Kilda halikuwepo, kwa sababu hakuna mtakatifu wa jina hilo. Jina lilizuka kwenye ramani za mabaharia, likaonekana katika ya Mholanzi Waghenaer ya mwaka 1592, pengine kutokana na neno la Kinorse, lugha ya Waviking, lililosomwa vibaya. Mwaka jana msomaji mmoja alinitumia picha ya medali ya Mtakatifu Kilda aliyoinunua, akaniuliza sikukuu yake huadhimishwa tarehe ngapi.