Usipande pareto Muhoroni kabla ya kupima mwinuko na baridi ya usiku

Usinunue hata mche mmoja. Umeuliza kuhusu nafasi ya kupanda, mbolea, namna ya kukausha maua na mahali pa kuyauza, kwa sababu unataka kujaza pareto, mmea wa maua meupe yanayotoa sumu ya kuua wadudu, katika ekari moja ya shamba la baba yako huko Muhoroni, na wote waliotangulia kukujibu wamekimbilia mbolea kana kwamba mbolea huleta baridi. Muhoroni iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua lake mnalijua wenyewe mnaokata miwa. Pareto ni mmea wa Molo na Mau Narok, wa nchi iliyoinuka kuanzia mita 1,800 kwenda juu, ambako watu huota moto jioni.

Mimi nilipanda karibu na Koru, juu yako kidogo tu. Nusu ekari ilimeza miche 11,000, kwa sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mche na mche (swali lako la nafasi limejibiwa hapo), na dalali alinitoza shilingi 3 kwa kila mche, bila kuhesabu gari la kuisafirisha wala vibarua waliopalilia mara nne. Miche ilishika vizuri mno. Ilijaa majani yaliyochanikachanika, ya kijani chenye rangi ya majivu, hata mama mkwe alipotutembelea akazisifu karoti zangu, nami kwa kulinda heshima ya nyumba nikamjibu kwamba bado hazijakomaa. Miezi minne ikapita, muda ambao huko juu watu huwa wamekwisha kuanza kuchuma. Ikapita sita, ikapita tisa, na maua niliyoyapata yangetosha shada moja la harusi, tena harusi ya watu wasiopendana sana. Nikaongeza samadi. Majani yakazidi.

Ni mkulima mmoja wa Molo aliyenieleza, baada ya kucheka mpaka akaketi chini, kwamba mmea huu hauanzi kufanya vichipukizi vya maua mpaka upitie wiki kadhaa za usiku wa baridi, joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi. Asili yake ni Dalmatia, huko Kroatia, ambako kuna majira ya baridi kweli. Ukiukosesha baridi hiyo, utaota majani tu. Na majani hayana soko, kwa kuwa pirethrini, ile sumu inayoua mbu na kunguni, imejaa katika vijimbegu vilivyo ndani ya kichwa cha ua, na mkulima hulipwa kwa maua makavu.

Dalali yule alijua. Picha za mashamba meupe alizonionyesha zilipigwa Molo, ukungu ukionekana nyuma, na nilipomuuliza kama pareto itakubali joto letu, alinijibu bila haya kwamba mmea wenye dawa ndani yake hausumbuliwi na kitu. Nilipompigia mwezi wa saba, namba haikupatikana. Nakiri kwamba ule ukungu niliuona, nikaupita kama pambo, lakini anayeuza miche kila wiki hana haki ya kujifanya mjinga kama mimi niliyenunua mara moja.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, pima mwinuko wa shamba, hata kwa simu, kisha ulale hapo usiku kadhaa mwezi wa Julai. Ikiwa hukuhitaji blanketi la pili, pareto nayo haitaona sababu ya kuchanua, na hakuna mbolea, dawa wala maombi yatakayoibembeleza. Kama una shangazi au binamu Londiani au Mau Summit, huko juu kwenye baridi, mwombe akukodishe robo ekari, na shamba la baba yako liache na miwa yake.