Tundu Lile Nililitoboa Mimi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha uliyoambatanisha nimeikuza hadi macho yakaniuma.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, nani alitoboa tundu dogo chini ya tumbo la modeli yako ya chombo cha anga, pale panapofichwa na kigingi cha kukisimamishia? Unasema wewe ulitumia keekee ya mkono, na keekee huacha ukingo mkali, ilhali tundu hili limezungukwa na mdomo wa plastiki iliyoyeyuka. Pili, kama hukulitoboa wewe, je, ile nafasi ya tatu uliyoipata kwenye shindano la modeli ukiwa na miaka 16 ni halali yako?

Tundu nililitoboa mimi. Nilitumia sindano nene ya kushonea turubai. Niliipasha moto jikoni, nikaisubiri mpaka wekundu ukaisha, nikaenda nayo mezani kwako usiku wakati umelala. Usimruhusu kijana yeyote kuiga hilo. Mvuke wa gundi uliyounganishia plastiki unashika moto, na mimi usiku ule sikulifikiria hata kidogo.

Sasa nieleze ilikuwaje, maana najua umekumbuka sehemu yako tu, na sehemu yangu sijawahi kukupa.

Ulianza kwa karatasi. Wiki tatu nzima hukugusa plastiki, ulikuwa unakata pateni za kadibodi pembeni ya cherehani yangu. Siku moja ukaniuliza kipande bapa kinafanywaje kikumbatie mwili wa mviringo. Nikakuonyesha namna ya kukata kabari nyembamba kwenye kitambaa na kuziba mwanya wake, kitambaa kikajitunisha chenyewe. Hukusema kitu. Kesho yake pua ya chombo chako, ambayo ilikuwa kama boksi la viatu, ilikuwa imechongoka kwa vipande vinane. Kama kuna kitu cha mkono wangu humo ndani, mimi ningependa kiwe hicho, maana hicho nilikupa mchana na ukakikata mwenyewe.

Kipimo ulikichagua mapema, 1/72, yaani milimita moja kwa kila milimita 72 za kweli, na ukabandika ukutani mtu wa karatasi mwenye urefu wa milimita 24. Kila kitu kilipimwa kwa mtu yule. Mlango milimita 28, ili apite bila kuinama. Ngazi ya ubavuni, vipandio vimeachana milimita 4, ili mguu wake ufike. Chombo chenyewe sentimita 58, na ulipenda kutuambia kwamba kama kingekuwa cha kweli kingefika karibu mita 42. Nilikuwa nikikuangalia ukihamisha kipandio kimoja cha ngazi kwa kibano, umebana pumzi, ukikirudisha, ukikihamisha tena, kwa ajili ya mguu wa mtu asiyekuwepo. Sikuwahi kukuona na subira ile kwa jambo lolote jingine.

Halafu vile vikorokoro vya juu. Ulinieleza kwamba mafundi waliojenga modeli za Star Wars, filamu ile ya 1977, walinunua seti za vifaru na meli za kivita, wakazikatakata na kubandika vipande vyake juu ya vyombo vyao. Wewe hukuwa na seti za kukatakata. Ulianza na kalamu zilizoisha wino, nyembe za plastiki, na redio iliyokufa. Kifuniko cha kalamu ulikitupa kwa sababu, ulisema, mtu akikitambua tu kwamba ni kifuniko cha kalamu, chombo kizima kinakuwa kalamu. Na kila bomba ulilolibandika ulilihoji: linatoka wapi, linakwenda wapi, linabeba nini? Bomba lisilo na jibu liliondoka. Mimi nashona miaka yote hii na bado nakutana na mafundi wanaobandika vifungo visivyofunga kitu.

Kiwiliwili kilipobonyea, mimi ndiye niliyeona kwanza. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu ukifunge. Jua la asubuhi liliingia dirishani kwa ubavu, na upande wa kushoto, ambao ulipaswa kuwa umenyooka kama rula, ukawa na kivuli kirefu katikati. Nilipitisha kidole, kikazama kidogo. Nilikuita, ukaja, ukaangalia, ukakaa chini sakafuni.

Ulisema plastiki ya milimita 1 ilikuwa nyembamba mno. Wewe huyohuyo uliyekuwa ukinibishia miezi miwili kwamba wembamba si udhaifu, kwamba chombo kilichowashusha watu wawili Mwezini mwaka 1969 kilikuwa na sehemu zenye ngozi ya alumini ya kama milimita 0.3 tu! Nilikumbuka hilo, ndiyo maana sikuridhika. Nikaweka pua kwenye mwanya wa injini. Harufu ya gundi ilinipanda kichwani kana kwamba umefunga jana.

Nikakwambia kwamba gundi iliyofungiwa haikauki. Nilijua kwa sababu ya mikoba. Ukibandika bitana kwenye ngozi halafu ukafunika kabla gundi haijapumua, siku kumi baadaye unafungua na bado mbichi. Na hii yako ilikuwa mbaya zaidi, kwani gundi ya plastiki hainati juu kama ya mikoba. Inaingia kwenye plastiki yenyewe, inailainisha, pande mbili zinaungana zikawa kitu kimoja. Mvuke wake ukikosa pa kutokea, unaendelea kulainisha kuta kutoka ndani, kimyakimya, mpaka zinalegea.

Wewe ukanijibu, "Mama, hii si mikoba."

Zilibaki siku 19 kabla ya shindano. Uliubomoa ubavu, ukakata kuta mpya za milimita 1.5. Bado nasikia mlio ule: unakwaruza mstari kwa ncha ya kisu mara tatu au nne, unakunja, inakatika *tak*. Ukaweka mbavu ndani kila baada ya sentimita 4. Kazi nzuri, ya mtu aliyekasirika na bado anapima. Lakini kwa hofu ukapaka gundi maradufu ya mwanzo, ukafunga tena kila upande, bila kuacha hata mwanya wa uzi.

Nilipaswa kurudia. Nilipaswa kukushika mkono, kukukalisha, na kukwambia mara ya pili na ya tatu, mpaka ukakubali au ukanionyesha nilikosea wapi. Sikurudia kwa sababu lile neno la mikoba liliniuma. Ndiyo kazi iliyokulea, na mwanangu mwenyewe ameitaja kama kitu kidogo. Nilinyamaza kwa kununa, mwanangu, halafu usiku wa pili sikuweza kulala kwa kuogopa utaamka ukute kimebonyea tena. Nikafanya kwa siri jambo ambalo ningelisema kwa mdomo. Sindano ilipopenya, harufu ilitoka kama mtu amefungua chupa. Nikakiweka chombo kwenye kigingi chake, nikaenda kulala.

Siku nne baadaye ulinipa fomu ya shindano. Iliandikwa wazi kwamba kazi yote iwe ya mshiriki mwenyewe, na kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi athibitishe. Nikasaini. Mkono haukutetemeka. Nilijiambia tundu si kazi, tundu ni hewa.

Kwa hiyo swali lako la pili. Waamuzi walipita na tochi zao bila kukigusa chombo, wakamulika viungo kwanza kama wanavyofanya mahali pengi, wakaona mikwaruzo ya msasa kwenye kiungo cha pua, pale ambapo ulichoka ukaruka kutoka msasa namba 400 moja kwa moja hadi 1000. Hapo ulipoteza, na ulikubali. Walichokipa nafasi ya tatu ni mikono yako, kila milimita nilikuwepo nikiiona. Wala hakuna anayeweza kukwambia leo kama tundu langu ndilo lililokiokoa, au kuta nene na mbavu zako zingestahimili peke yake. Lakini sharti halikuuliza waamuzi wameona nini. Liliuliza nani amefanya, na mimi nikaandika jina langu chini ya jibu ambalo halikuwa kamili. Kosa hilo ni la kwangu, na sitaki ulibebe hata kwa heshima.

Kilichoniumiza zaidi katika barua yako ni kile ulichokitaja kwa haraka, katikati, kama maelezo tu. Kwamba yule binti wa miaka 15 unayemwelekeza Jumamosi amejenga kituo cha anga kutoka mwanzo, kwa plastiki ya milimita 1.5 na mbavu za ndani kama ulivyomfundisha, na kimebonyea. Kwamba ndiyo sababu ulikishusha chombo chako cha zamani kutoka kabatini, ukakigeuza, kutafuta kwa nini chako kilisimama na chake kimeanguka.

Mwanangu, kwa miaka yote hii umekuwa ukiwafundisha vijana jibu la nusu, na nusu nyingine ilikuwa kwangu. Ningekuamsha usiku ule, ungelitoboa mwenyewe, fomu ingekuwa ya kweli, na binti huyu asingepoteza kuta zake.

Nimeandika karatasi ya pili, iko ndani ya bahasha hii. Nimeeleza nilichofanya, lini, na kwa kifaa gani, na nimesaini. Ukiona inafaa, wapelekee walioandaa shindano lile, nao waamue watakavyo kuhusu nafasi yako. Usipoipeleka pia nitakuelewa. Ni yako sasa.

Lakini hilo linaweza kusubiri. Binti ana siku 11 za kumaliza, umesema. Nenda kwake kesho, usingoje Jumamosi. Asikate kitu kipya kabla hajanusa ndani ya kile cha zamani, anuse mara moja tu na dirisha likiwa wazi, ajue mwenyewe kilichotokea. Halafu kuta mpya zitobolewe kabla ya kufungwa, matundu mawili, moja kila mwisho, ili hewa iingie huku na itoke kule, yote mahali pasipoonekana. Gundi apake kwa brashi nyembamba, aguse tu kwenye kiungo na kuiacha ivutwe yenyewe ndani. Upande mmoja ubaki wazi siku mbili tatu akiwa anatengeneza vikorokoro vyake. Na matundu atoboe yeye. Wewe mpe keekee, halafu urudi nyuma.

Mama yako.