Faida ghafi imeshuka: ni soko au ni sisi wenyewe?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha bidhaa za plastiki. Faida ghafi (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa) imeshuka kutoka asilimia 32 hadi 26 ya mauzo ndani ya robo moja ya mwaka. Mkurugenzi anasema ni bei ya mali ghafi na kupanda kwa dola. Kuna mshauri anayetuuzia programu ya viashiria 40, yaani namba za kufuatilia mwenendo wa biashara na uchumi. Tununue?

JIBU: Msinunue. Kwanza rudieni kuhesabu mali iliyomo ghalani. Mkisahau magunia machache mwisho wa robo, yanahesabiwa kama yametumika, gharama ya bidhaa zilizouzwa inapanda na faida inashuka kwenye karatasi tu.

Hesabu ikiwa sawa, tenganisheni bei na matumizi. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya: gharama ikipanda, lawama zote hutupiwa uchumi. Tuseme bajeti ilikuwa kilo 2 za mali ghafi kwa kila bidhaa, kilo moja kwa 50, yaani 100. Sasa mnatumia kilo 2.3 kwa bei ya 54, yaani 124.2. Ongezeko ni 24.2. Bei imechangia 4 × 2.3, sawa na 9.2. Zilizobaki 15 (kilo 0.3 × 50) zimepotelea kiwandani kwenu: mabaki, mashine isiyorekebishwa vizuri, bidhaa zinazokataliwa, au wizi. Dola haihusiki hapo.

Hata hiyo 9.2 msiipokee kama kudra. Bei yenu imepanda asilimia 8. Kama bei ya soko imepanda asilimia 5, kilo ingepaswa kuwa 52.5. Hiyo 1.5 ya juu ni ununuzi wenu: oda za dharura, mafungu madogo, au kuchelewa kulipa hadi mkakosa punguzo.

Angalieni pia mchanganyiko wa mauzo. Bidhaa yenye faida ndogo ikiuzika zaidi, wastani unashuka hata kama hakuna bei iliyobadilika. Hili halionekani mpaka faida ipigiwe hesabu kwa kila bidhaa, kazi ambayo jedwali la kawaida la kompyuta linaitosha.

Ya nje yafuatilieni, lakini yale yanayowagusa tu: bei ya malighafi na dola kila wiki, riba kila inapobadilishwa, ikiwa mkopo wenu una riba inayopanda na kushuka. Kwa kila moja andikeni kizingiti na hatua, kwa mfano: dola ikipanda asilimia 3, orodha ya bei inapitiwa upya ndani ya siku 5, na jina la mhusika liwepo.

Hao wauza viashiria wananichosha. Skrini inajaa rangi nyekundu na kijani, kumbe mabaki ya kiwandani hayajawahi kupimwa kwenye mzani, na programu inachora grafu nzuri za takwimu za kubahatisha. Mshauri akirudi, mwulizeni kila kiashiria kinatoka kwenye hati gani, nani anaijaza, na kikivuka mpaka nani afanye nini. Vile asivyoweza kuvijibia, vifuteni mbele yake.