Mkataba wa mazingira uliofika hadi kwenye karakana

Mwenzetu ameuliza kama mikataba ya kimataifa ya mazingira imewahi kubadilisha lolote nje ya kumbi za mikutano. Ninamjibu kama fundi wa majokofu, kwa kuwa upo mmoja uliobadilisha kazi ya mikono yangu.

Nilipojifunza ufundi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, gesi ya R-12, iliyotumika kupozea majokofu, tuliifungulia hewani bila kusita. Ukikata kibomba cha kompresa, ilitoka kwa mlio mkali na utando wa barafu ukaganda kwenye ncha. Hakuna aliyetueleza kwamba gesi ile hupanda taratibu hadi juu angani na kuachia klorini inayomega tabaka la ozoni linaloikinga dunia na miale mikali ya jua, ingawa wanasayansi Molina na Rowland walikwisha kuonya tangu mwaka 1974.

Mkataba ninaousema ni Itifaki ya Montreal, wa kuachana na gesi zinazoharibu ozoni, uliotiwa saini mwaka 1987. Kwa maoni yangu, iliyoipa nguvu ni mipango miwili ambayo mikataba mingi haina: iliwazuia wanachama kuuziana gesi hizo na nchi zisizojiunga, na tangu mwaka 1991 ukawapo mfuko unaochangiwa na nchi tajiri ili nchi zinazoendelea, zilizopewa muda hadi mwaka 2010 kuachana na gesi za jamii ya R-12, zibadilishe viwanda na kufundisha mafundi. Mimi ni mmoja wa waliofundishwa. Kozini ndipo niliposhika kwa mara ya kwanza mashine ya kurejesha gesi, nikatazama mshale wa geji ukishuka huku gesi ikiingia mtungini, nami nikaumia kukumbuka majokofu yote niliyokwisha kuyafungulia.

Kazi haijaisha. Gesi ya R-134a iliyochukua nafasi ya R-12 haidhuru ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, na ndiyo sababu ya Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongeza gesi za aina hiyo kwenye itifaki ili zipunguzwe. R-600a, gesi nyingine ya majokofu, hupasha dunia joto kidogo sana, ila huwaka, hivyo fundi asiyefunzwa akilehemu bomba lenye mabaki yake anahatarisha maisha.

Ninapoona ushirikiano ukilegea ni baada ya msaada kufika. Karakana moja niliyofanyia kazi ilipewa mashine ya kurejesha gesi. Kichujio kilipochakaa, hapakuwa na fungu la kununulia kingine, ikafungiwa stoo. Kichujio hicho hutosha kiganjani, na kwa kukosekana kwake wenzangu walirudi kufungulia gesi hewani kama zamani.