Muuguzi Ukikabidhiwa Kitengo cha Ubora, Anza na Makosa Yasiyoandikwa

Katika mwaka wangu wa tatu kazini, nikiwa zamu ya usiku kwenye wodi ya wanaume, nilivuta kwa bomba la sindano kile nilichodhani ni maji ya kuchanganyia antibayotiki ya unga. Ilikuwa kloridi ya potasiamu. Ampuli zote mbili zilikuwa za plastiki, za mililita 10, zenye maandishi ya buluu, nazo zilikaa kwenye trei moja kwa sababu droo ya pili ilikuwa imeng'oka mpini. Dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alinishika mkono akasema, "Hebu soma tena, mdogo wangu." Potasiamu ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo katika dakika chache, ndiyo maana hutiwa kwenye dripu na kupitishwa polepole.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, hatukusema neno, kwa kuwa tuliogopa barua ya kujieleza. Trei ikabaki vilevile. Miezi michache baadaye, tukiwa kwenye foleni ya chai, muuguzi wa wodi nyingine alininong'oneza kwamba nusura afanye kosa hilohilo.

Leo ninaongoza kitengo cha ubora na usalama wa wagonjwa katika hospitali nyingine, na wauguzi wanaoteuliwa kushika nafasi kama hii huniuliza waanzie wapi. Wengi wameshahudhuria semina. Wanazijua S tano kwa Kiswahili chake, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, utaratibu wa kupanga na kutunza mahali pa kazi ulioanza kushika mizizi katika hospitali zetu mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mwanzo. Ni utaratibu mzuri, na laiti ungefuatwa katika wodi ile trei isingekuwa vile. Hata hivyo mimi huwashauri waanze na yale ambayo watumishi wanayajua na hawayaandiki.

Watumishi hawatayaandika ikiwa kila anayesema ukweli anapewa barua. Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha fomu yoyote ya taarifa za matukio, nenda ukazungumze na daktari mfawidhi pamoja na muuguzi mfawidhi. Wa kwetu walichukua miezi minane kukubali, wala sikuwalaumu, kwa sababu walihofu kwamba uzembe utapata kichaka cha kujifichia. Hatimaye tulikubaliana kwamba aliyekosea bila kukusudia na akatoa taarifa mwenyewe haandikiwi barua, ilhali aliyekuja kazini amelewa au aliyeficha tukio anafuata mkondo wa nidhamu.

Mwezi wa kwanza zilipatikana fomu mbili, zote nilizijaza mimi. Zilipoanza kuongezeka, wakubwa walishtuka wakidhani hospitali imeharibika, na ilinibidi nieleze katika vikao vitatu mfululizo kwamba matukio yalikuwapo tangu zamani na kilichobadilika ni kwamba sasa tunayasikia. Jiandae kwa swali hilo mapema, maana litakujia tu.

Jambo la pili ni kuchunguza kitu chenyewe, usiridhike na karatasi yake. Ijumaa moja nilikuta jedwali la joto la friji ya wodi ya wazazi limejazwa hadi Jumapili jioni, nyuzi 5 kila kipimo. Humo ndimo tunamohifadhi oksitosini, ambayo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwani ikiharibiwa na joto haiukazi mfuko wa uzazi ipasavyo na mama aliyejifungua anaendelea kuvuja damu. Hasira zilinipanda. Nilipotulia na kuuliza, muuguzi wa zamu alinionyesha kipimajoto kilichokufa wiki kadhaa nyuma na nakala mbili za maombi ya kipya. Kwa muda wote huo sisi wakaguzi tulikuwa tukipita na kusifu jedwali lisilo na nafasi wazi. Nilimwonya kuhusu kughushi, kisha nikaenda mwenyewe stoo kufuatilia kipimajoto.

Wapo madaktari watakaokuambia kwamba haya ni mambo ya makaratasi. Wakumbushe Ifakara, mojawapo ya miji minane duniani iliyojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19. Matokeo ya jumla ya miji hiyo, yaliyochapishwa 2009, yalionyesha vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini orodha husaidia pale tu inaposomwa kwa sauti mbele ya timu nzima. Ikitiwa vema zote 19 mgonjwa akiwa bado yuko mlangoni kwenye machela, ni jedwali la friji kwa jina jingine.

Usiache kabisa kazi ya wodi. Mimi hushika zamu mbili za usiku kila mwezi, japo sidaiwi, kwa kuwa saa tisa usiku ndipo mtu hukueleza jambo ambalo hatalisema kikaoni. Katika zamu mojawapo ndipo tulipokubaliana kuiondoa potasiamu kwenye makabati ya wodi. Sasa hutolewa na mfamasia kwa mgonjwa mmojammoja, isipokuwa kwa wagonjwa mahututi, ambako ina kisanduku chake chekundu chenye kufuli.